Joto la Eda

Mwanamme akikusemea wema mbele za watu, msikilize mara mbili. Mara ya kwanza sikia anachokupa, mara ya pili sikia anachokibakisha mkononi. Miye nilisikia mara moja tu, tena nilikuwa nalia, ndiyo yakanifika yaliyonifika.

Ilikuwa siku ya tatu ya matanga ya mume wangu, Amur. Wanaume wako majlisi, sisi wanawake tuko ndani. Shemeji yangu Mahfoudh, mdogo wake marehemu, mtu mkubwa wizarani, akasimama na sauti akaipandisha makusudi ili itufikie. "Jamaa, nyote mashahidi," akasema. "Amur hakuacha mtoto. Nyumba hii inarudi kwetu sisi wa damu yake. Lakini shemeji yetu Nasriya hatobughudhiwa na mtu. Atakaa humu mpaka atakapotoka mwenyewe, kwa miguu yake."

Kila mtu akasema mashaallah, ndugu wa kweli huyo. Na miye nikazidi kulia, kwa shukurani. Fungu langu la mirathi nilijua litanifika, sikatai, lakini fungu ni karatasi, na miye nimekaa nyumba ile tangu ilipokuwa mawe matupu. Vigae vya jikoni nilichagua miye. Mlimau wa uani nilipanda miye. Mwanamke wa umri wangu, hana mtoto, hana kaka, akishatoka nyumbani kwake anakuwa mgeni mpaka anakufa. Leo kwa fulani, kesho kwa fulani, na kila anapokwenda anaulizwa atakaa siku ngapi.

Basi nikaingia eda yangu. Asiyejua nimwambie: mwanamke aliyefiwa na mume hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Hatoki, hajipambi, haonani na mwanamme ambaye anaweza kumuoa. Mahfoudh mwenyewe ni katika hao, maana shemeji anaweza kukuoa, Mungu apishe mbali. Kwa hiyo akija huzungumza na miye akiwa nje ya mlango wa ukumbi, na miye niko ndani, tunasikiana sauti tu. Na sauti yake nzuri, laana nyingine hiyo. Laini kama samli.

Nyumba yetu iko Al Amerat, nyuma ya milima. Wa Maskati wa pwani wanalalamika joto, lakini hawalijui. Huku kwetu mawe yanaoka kutwa, na jua likizama yanaanza kututapikia lile yaliloshiba. Bila ya AC hukai. Hilo si anasa wala deko.

Siku moja, eda bado mbichi, Mahfoudh akaja na fundi. Akabisha mlango wa ukumbi.

"Shemeji, kampuni ya umeme ina mpango mpya," akasema. "Saa zile za mchana ambazo nchi nzima imewasha AC, umeme unaelemewa. Basi wao kule kwao, kwa mbali, wanapandisha digrii mbili tatu kwenye nyumba za waliojiandikisha. Wakati ukipita wanarudisha. Hutohisi hata. Marehemu mwenyewe alitaka kujiandikisha, mauti yakamuwahi."

Nikajibu, "Sawa, shemeji. Fanyeni."

Ningesema nini? Mjane akae na fundi wajadiliane nyaya? Nikajifungia chumbani na tasbihi yangu, nikasikia ile keekee yao inatoboa kuta zangu chumba hadi chumba. Na nikamsikia Mahfoudh anamwambia fundi kwa Kiarabu, tena kwa upole: "Weka namba yangu. Yeye yumo edani, hawezi kupokea simu za wanaume." Na miye, mjinga mkubwa miye, nikaona hiyo ni heshima. Nikamwombea dua.

Walipoondoka nikatoka. Ukutani ukumbini kimebandikwa kijisanduku cheupe, kina namba za buluu. Rimoti zote za nyumba zimekwenda. AC za vyumba vyote sasa zinasikiliza kile kijisanduku, na kijisanduku kinasikiliza simu ya Mahfoudh. Nikabonyeza, kikalia tii, kikanionesha kikufuli kidogo. Nikabonyeza tena, tii, kikufuli. Nikasema haya, yamekwisha, mradi baridi ipo.

Na mwanzo ilikuwa kweli kama alivyosema. Mchana namba inapanda kutoka ishirini na mbili mpaka ishirini na tano, nakaa na kanga nyepesi, alasiri inashuka. Sikuona tabu. Hata nilifurahi, nikasema labda kuna mgonjwa hospitali anapata umeme kwa ajili yangu. Sina ugomvi na kampuni, na mpaka leo sina.

Halafu Loay akachumbia. Loay ni mtoto wa Mahfoudh. Aliyeniletea habari ni Ruba, binti wa dada yangu marehemu, anafundisha chuo kikuu, anakaa Al Khoudh mtaa mmoja na kina Mahfoudh, na kila wiki ananiletea vyakula. "Khalati," akaniambia, ndivyo amwitavyo dada wa mamake, "wa bibi harusi wamesema binti yao hatokaa nyumba moja na mama mkwe. Wanataka nyumba mbali." Akaziangalia kuta zangu. Na miye nikaziangalia. Tulikuwa tunawaza nyumba moja.

Wiki ile ile kijisanduku kikapanda thelathini na tatu.

Mwenzangu, thelathini na tatu ndani ya nyumba iliyofungwa, vigae vinatoka jasho, maji ya bomba yanakuja ya moto kama ya chai. Upepo wa AC unatoka lakini ni pumzi ya mtu mwenye homa. Nikafungua madirisha, ndiyo nikamkaribisha shetani ndani. Ruba akaniletea feni la kusimama, likawa linanirushia lile lile joto usoni. Nikilala sakafuni na kitambaa kibichi kifuani. Nikiswali jasho linadondoka kwenye msala. Nikaanza kuona vinyota nikiinuka.

Nikampigia Mahfoudh.

"Kampuni hiyo, shemeji," akasema kwa ile sauti yake. "Mwaka huu umeme umewazidia. Mkono wangu haufiki huko. Ningeweza, wallahi nisingekuacha hivyo."

"Basi waambie waking'oe kidude chao."

"Mkataba, shemeji. Mpaka msimu wa joto uishe." Kisha akashusha sauti zaidi. "Lakini sharia haikumkaza mtu. Dharura ikifika, mjane anaruhusiwa kuhama. Ukishindwa nambie tu, naleta gari, nakupeleka kwa Ruba mwenyewe. Hakuna atakayekulaumu."

Nikamshukuru. Kesho yake nikampigia tena, akasema yale yale, na mwisho wake gari. Siku ya tatu, tena gari. Kila joto langu dawa yake gari! Nikaikata simu nikakaa kitako sakafuni, na maneno yake ya matangani yakanirudi moja moja. Mpaka atakapotoka mwenyewe. Kwa miguu yake. Khaa! Kumbe yule mtu alinipa nyumba na siku ile ile akaniachia mlango wazi, na sasa anawasha moto nyuma yangu ili niukimbilie.

Lakini kushuku si kujua. Nikamwambia Ruba anitafutie namba ya kampuni. Akapokea binti, jina lake Atheer, sauti ya kitoto kidogo, adabu tele. Nikamwambia, binti yangu, mnaniua. Mbona mmenipandishia mpaka thelathini na tatu?

Nikasikia anachapa chapa. "Khala," akasema, "sisi wiki hii hatukupandisha kitu. Na tukipandisha hatuvuki ishirini na sita, mashine yetu haikubali. Na hata hiyo, mwenye akaunti asipotaka anakataa hapo hapo. Anabonyeza mara moja tu kwenye simu yake."

"Na thelathini na tatu imetoka wapi?"

"Kwa mwenye akaunti mwenyewe, khala."

"Jina lake?"

"Samahani, siwezi kukutajia. Si jina lako."

Sikuhitaji. Kikulacho ki nguoni mwako, na changu kilikuwa kimevaa dishdasha nyeupe na kilemba cha wizara.

Nifanye nini sasa? Nimwite fundi aking'oe? Mwanamke wa eda amwite fundi, nani atampokea? Nikimpokea mwenyewe, keshokutwa Mahfoudh atasema shemeji anaingiza wanaume. Nihamie kwa Ruba nipumue wiki moja? Nikivuka kizingiti tu, nimetoka kwa miguu yangu, na Loay ataingia na mafundi wa rangi kabla kitanda changu hakijapoa. Ruba alinibembeleza na machozi. "Utakufa humu, Khalati, kwa ajili ya kuta!" Nikamwambia kuta zangu, kama kufa nitafia kwenye vigae vyangu.

Nikampigia mama mkwe wangu, Bi Mwanamize. Na hapa nataka niseme kweli: miye na Bi Mwanamize hatujapendana. Miaka yote aliyokuwa hai Amur, yule bibi hakuingia nyumbani kwangu bila kuniangalia tumbo. Ameshakuwa mtu mzima sasa, ana presha, anakaa kwa Mahfoudh, na Mahfoudh anamnyenyekea mpaka kumvisha viatu. Kitinda mimba wake. Nikamweleza yote, kampuni, simu, kijisanduku.

"Nasriya," akasema, "Amur hajaoza kaburini na weye ushaanza kuchonganisha watoto wangu na midomo ya watu?"

"Bi mkubwa, sichonganishi. Wamenambia kampuni."

"Kampuni! Mtoto wa kike wa kwenye simu ndiyo kampuni? Mwanangu alisimama mbele ya wanaume akakupa nyumba, mwengine angekutupia masanduku yako njiani. Joto ni la Mungu. Sisi Unguja tumezaliwa na AC?"

"Unguja hakuna Al Amerat, bi mkubwa."

"Ulimi wako mrefu, ndiyo uliokuwa ukimpandisha mwanangu presha." Akakata.

Hasira ikanipanda, simu nikaitupa busatini. Ati miye ndiye niliyempandisha Amur presha! Nilikaa kutwa nzima namjibu peke yangu ukumbini, maneno mengine siwezi kuyaandika. Lakini hasira ikipoa huacha akili kidogo chini, na yangu iliniachia neno moja: yule bibi hatonisikia miye, ila kumsomea mwanawe hatokataa.

Nikamwambia Ruba, "Ijumaa ijayo naweka khitma ya Amur. Wanawake wote waliokuwa matangani. Kisomo baada ya adhuhuri, kisha chakula cha mchana."

"Adhuhuri? Watu husoma alasiri, Khalati. Adhuhuri humu watachemka."

"Wachemke."

Akaniangalia. "Wataka kumtega Mahfoudh?"

"Sitegi mtu. Nnataka wakae ninapokaa miye, saa ninazokaa miye. Basi. Na Bi Mwanamize umchukue weye na gari lako, baada ya Mahfoudh kwenda msikitini. Asimuage mtu."

Kwa kweli sikujua litatokea nini. Nilitaka tu mwili wake ujue, ikiwa masikio yake yamekataa.

Ijumaa ikafika. Wanawake wakaingia na mabuibui yao, manukato yao, kila mmoja anaingia na "salaam alaikum" na kabla hajafika kwenye busati anasema "uuh!" Nikawaambia karibuni, karibuni, ndiyo hali yetu, kampuni ya umeme. Bi Mwanamize akaingia wa mwisho, kamshika Ruba mkono, akanisalimia kwa kidevu, akakaa chini ya picha ya Makka, mbele kabisa ya kijisanduku. Thelathini na tatu. Nikamwona anakitazama, kisha anageuza uso.

Tukagawana juzuu, tukaanza kusoma. Wewe! Haikupita muda karatasi za juzuu zikawa ndiyo vipepeo. Wa huku anajipepea, wa huku amevua mtandio, wa kule ameinua gauni mpaka magotini, akhera imesahaulika. Mmoja akasema, "Bi Nasriya, na weye ndiyo unakaa humu kila siku?" Nikamwambia, "Ndiyo, mama, kila siku." Bi Mwanamize aliendelea kusoma kwa sauti, kidole juu ya mstari, jasho linamchuruzika kwenye shingo. Nikampelekea maji. Akayakataa. Nikamwambia asogee mwisho wa ukumbi, kwenye ukuta wa kaskazini usiopigwa na jua.

"Sikukushtakia kitu," akasema. "Soma yako."

Mkaidi huyo! Lakini midomo yake ilikuwa inageuka rangi, na kidole kinaruka mistari. Hapo nikaingiwa na hofu ya kweli. Sikumpenda, lakini sikutaka maiti ya pili kwenye busati langu. Nikachukua simu, nikampigia Mahfoudh, nikaiweka sauti ya nje katikati ya wanawake wote.

"Shemeji," nikasema, "joto leo limezidi. Nna wageni. Nakuomba kwa jina la kaka yako, waambie washushe."

"Pole sana shemeji." Ile samli. Nikawaona wanawake wanainua vichwa. "Ijumaa ndiyo siku yao mbaya, watu wote majumbani. Ningekuwa nna uwezo ningengoja unambie? Mkono wangu haufiki, shemeji. Iko kwa kampuni, hata waziri hawezi. Vuteni subira mpaka alasiri. Na weye ukishindwa, usijitese. Gari langu liko tayari, nakuja nakuchukua sasa hivi."

Ikapita minong'ono. "Masikini, mtu mwema," akasema mmoja nyuma yangu. "Wangapi wenye shemeji kama huyo?" Nikataka kupiga ukelele. Alikuwa anashinda! Mbele ya jasho lao wenyewe, kwa sauti tu, alikuwa anashinda.

Bi Mwanamize akafunga juzuu, akaweka kidole ndani asipoteze mahali. Akainama juu ya simu.

"Mahfoudh," akasema. "Miye mamako nimo humu. Pumzi zanikatika."

Tukasikia mlango wa gari unafungwa.

"Mama?" Samli yote imemwagika. "Mama unafanya nini huko? Nani aliyekupeleka? Mama!" Simu ikakatika.

Tukabaki tunaangaliana. Halafu kijisanduku kikalia tii.

Hatukukigusa. Hakuna aliyekuwa karibu nacho isipokuwa yule bibi, na mikono yake yote iko juu ya juzuu. Namba za buluu zikazimika, zikawaka tena: kumi na nane. Ile AC ya ukumbi ikakohoa, ubao wake ukafunguka, na baridi ikatushukia vichwani, baridi safi, baridi ya kweli, ambayo sijaionja tangu Loay achumbie. Vyumbani huko nako tukazisikia zinaamka moja moja. Mtandio wa mtu ukainuka kwa upepo. Hakuna aliyesema alhamdulillahi.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, ndivyo tunavyosema. Siku ile nilijua kuwa na mwana naye ana uchungu wa mzazi wake, na uchungu ule ndio uliomfichua. Angevumilia kidogo tu, angemtuma Ruba amtoe mamake nje, nisingekuwa na ushahidi mpaka leo. Lakini alimpenda mno.

Bi Mwanamize alikuwa anakitazama kijisanduku. Alikitazama mpaka jasho la shingoni likamkauka.

"Kumbe mkono wake unafika," akasema.

Mahfoudh alifika mbio, tukasikia breki mlangoni. Akaja mpaka mlango wa ukumbi, akasimama nje kama desturi yake. "Mama! Mama uko salama? Nimeleta maji ya barafu. Nimewapigia kampuni, nimegombana nao, wamekubali kushusha."

"Umegombana nao lini?" akauliza mamake. "Simu ulikata, na kabla sijavuta pumzi tatu baridi ikaja. Ulimpata nani upesi hivyo?"

Tukasikia anaweka maji ya barafu chini, nje ya mlango.

"Mahfoudh. Hawa wanawake walikuwepo siku ya tatu ya kaka yako. Walikusikia ukiahidi. Hebu ahidi tena, wasikie vizuri."

"Mama, tuyazungumze nyumbani..."

"Hapa. Nasriya atakaa humu mpaka lini?"

"Mpaka..." Ile sauti sasa ilikuwa sauti ya mtu yeyote. "Mpaka Mungu atakapomchukua."

"Na akitoka akenda kwa Ruba? Akenda Makka? Akenda Unguja kutembea?"

"Akirudi ni kwake."

"Nyote mmesikia?" Wanawake wakasema tumesikia. Walisema kwa nguvu, maana baridi ilikuwa imewarudishia roho. "Na hiyo simu ilete."

Mlango ukafunguka upana wa kiganja. Mkono wa Mahfoudh ukaingia, na saa yake ya dhahabu, umeshika simu. Ruba akaipokea. Hapo hapo akakaa nayo chini, akaniuliza namba yangu, akabonyeza bonyeza, akaingiza namba za siri zilizokuja kwenye simu yangu miye. Kikufuli kikaondoka kijisandukuni. Simu ikarudishwa kwenye mkono, na mkono ukatoka.

"Shemeji," akasema kutoka nje, "nisamehe."

Wanawake wote wakanigeukia. Nilijua wanataka niseme nini. Mjane mwema, siku ya khitma ya mumewe, juzuu bado ziko wazi. Nikasema, "Mahfoudh, ulikuwa unajua nalala sakafuni. Nilikwambia. Ukanambia pole." Zaidi ya hapo sikumpa kitu, na sijampa.

"Haya mama, twende nyumbani," akasema.

"Sijamaliza juzuu yangu," akasema Bi Mwanamize. "Nenda kaningoje garini. Uzime injini. Vioo fungua, sitaki ufe, nataka ujue. Nikimaliza nakuja."

"Mama, nje saa hizi..."

"Nani aliyenambia nivute subira mpaka alasiri?"

Tukasikia viatu vyake vinaondoka juu ya kokoto. Gari likazimwa. Chakula kikaliwa, wageni wakaaga mmoja mmoja, wanapita karibu ya gari lile jeupe na mabuibui yao, kila mmoja anamsalimia kwa adabu, na yeye anaitikia. Jua limemsimamia juu ya paa. Nilisogeza pazia kidole kimoja, eda au si eda, nikamwona: kilemba amekivua, dishdasha imemganda mgongoni, anajifuta uso kwa mkono. Nilimhurumia? Hata.

Nikarudi ukumbini. Bi Mwanamize amebaki peke yake chini ya picha ya Makka, anatetemeka kwa ile kumi na nane, magoti yake hayapendi baridi. Nikashika kijisanduku nishushe ukali. Kikanitii, kwa mara ya kwanza.

"Iache," akasema.

Nikaleta shuka la Amur nikamfunika miguu. Hakuniangalia tumbo, hakunishukuru. "Wawili niliwazaa," akasema. "Mmoja nimemzika mwezi wa nne." Wa pili hakumtaja. Kidole chake kilikuwa kimefika kwenye ukurasa wa mwisho wa juzuu, mistari michache imebaki, na nje jua bado ni la saa tisa.

Akaangalia dirishani, ambako pazia lilikuwa limefungwa. Kisha akarudisha kurasa zote nyuma, akaweka kidole mwanzo, akaanza kusoma upya.